Kama Nilivyokwisha Kusema

Msomaji, bila shaka wewe mwenyewe umepata kuandika maneno haya, au ndugu zake, katika insha zako: kama nilivyosema hapo juu, kama nilivyokwisha kueleza, yule niliyemtaja hapo nyuma. Ni maneno madogo, na mwanafunzi huyaandika bila kufikiri, kama mtu apigavyo miayo. Wengi huyatia ili insha ipate kurefuka. Na mwalimu asahihishaye hupita juu yake upesi, wala hapandishi macho kutazama kama jambo lile lilisemwa kweli. Lakini maneno hayo yana historia ndefu, na ndani ya historia hiyo imo hasara iliyotupata sisi watu wa Afrika ya Mashariki, nayo hata leo haijalipwa. Nataka tuifuate habari hiyo pamoja, tukianza pwani katika karne ya kumi na kuishia hapa kwetu Eldoret.

Kwanza tuutazame ulimi wetu. Kiswahili kina njia ya kurejea yaliyotajwa ambayo Kiingereza hakina. Ukisema kitabu hiki, wamwonyesha mtu kilicho karibu nawe. Ukisema kitabu kile, wamwonyesha kilicho mbali. Lakini ukisema kitabu hicho, huonyeshi kwa kidole. Wamwambia kwamba ni kile mlichokwisha kukitaja, kiwe mkononi mwako au kiwe Lamu. Herufi moja tu, nayo ni o, yafanya kazi yote hiyo. Hata neno "hapo" katika "hapo juu" limeibeba. Msimulizi wa hadithi husema jioni, "Basi sungura huyo akaenda zake," na mtoto aliyesinzia humuuliza mara moja, "Sungura yupi, babu?" Babu humrudia maneno mawili matatu, na hadithi huendelea. Katika mazungumzo rejeo halina hatari, maana msemaji yupo na msikilizaji yupo. Hatari huanza maneno yanapotiwa katika karatasi, karatasi ikasafiri, na mwandishi akafa.

Katika karne ya kumi alikuwako Baghdad mtu aitwaye Ali al-Mas'udi, msafiri mkubwa na mwandishi wa tarikh. Alitembea Uajemi, Bara Hindi, Sham na Misri. Na kwa bahati yetu alifika pia katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ambayo Waarabu wa zamani waliiita nchi ya Wazanji. Alipanda vyombo vya watu wa Siraf, bandari ya Uajemi iliyokuwa tajiri sana wakati ule, na safari yake ya mwisho ya kutoka kisiwa cha Qanbalu kurudi Oman aliifanya mwaka 304 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 916 kwa hesabu yetu ya sasa. Wanahistoria wengi wadhani Qanbalu ni kisiwa cha Pemba. Al-Mas'udi alikuwa amekwisha kusafiri katika bahari nyingi, lakini aliandika kwamba hakuona bahari ya kutisha kama hii yetu, yenye mawimbi kama milima. Hakuwa akitia chumvi. Ndugu wawili wa Siraf, Ahmad na Abd al-Samad, ambao ndio waliokuwa na chombo kilichomchukua safari ile, baadaye walizama katika bahari hiyo hiyo pamoja na watu wao wote.

Aliyoyaandika juu ya pwani yetu twayasoma katika kitabu chake kiitwacho Muruj adh-Dhahab, maana yake Malisho ya Dhahabu, alichokiandika karibu na mwaka 943. Humo twasoma kwamba pembe za ndovu zilitoka katika nchi ya Wazanji zikaenda Oman, na kutoka Oman zikapelekwa Bara Hindi na Uchina, hata zikawa adimu katika nchi za Waislamu. Twasoma kwamba watu wa huku walikula ndizi na nazi, wakapanda ng'ombe katika vita kwa kuwa hawakuwa na farasi, na kwamba nchi ya Sofala kule kusini ilikuwa na dhahabu. Twasoma kwamba walikuwa wasemaji hodari kwa lugha yao wenyewe, na kwamba mtu mmoja alisimama mbele ya mkutano akawahubiri watu, akiwaonya wamtii Mungu na kuwakumbusha wafalme wao wa kale. Fikiri, msomaji: karne kumi na moja zilizopita, mtu asimama katika pwani hii na kuhutubia kwa lugha ya kwetu, na mgeni kutoka Baghdad amesimama kando akisikiliza!

Sasa utataka kujua zaidi. Mhubiri huyo alitumia maneno gani? Mji ule ulikuwa wapi? Wafalme hao waliitwaje mmoja mmoja? Hapo ndipo al-Mas'udi akufungiapo mlango. Ilikuwa desturi yake, karibu katika kila habari, kufika mahali patamu kisha kukatiza kwa kusema kwamba jambo hilo amekwisha kulieleza kwa urefu katika vitabu vyake vilivyotangulia. Hasa alivitaja viwili. Kimoja ni Akhbar az-Zaman, yaani Habari za Zamani, ambacho chasemwa kilikuwa na majuzuu kama 30. Cha pili ni Kitab al-Awsat, yaani Kitabu cha Kati, kilichofupisha kile cha kwanza. Muruj adh-Dhahab ni muhtasari wa hivyo viwili. Yaani yale tuliyo nayo ni ufupisho wa ufupisho, na kila uulizapo swali waambiwa urudi nyuma katika kile kikubwa.

Nacho kile kikubwa hakipo. Kimepotea. Kuna kitabu kidogo kimoja kinachochukua jina kama hilo, lakini wataalamu wabishana kama ni chake. Na majuzuu yale mengi hayajaonekana popote. Cha kati nacho kimepotea vile vile.

Ili uone ukubwa wa hasara hii, tazama neno moja tu. Al-Mas'udi asema kwamba mfalme wa Wazanji alikuwa na jina la cheo, naye akaliandika kwa herufi za Kiarabu. Katika Kiarabu herufi fa ina nukta moja juu, na herufi qaf ina nukta mbili. Wanukuzi walionakili kitabu kwa mkono, karne baada ya karne, hawakuwa waangalifu katika nukta. Kwa hiyo wengine husoma "waflimi", na wengine husoma "waqlimi". Ikiwa ni fa, basi wako wataalamu waonao humo neno letu wafalme, na hilo lingekuwa mojawapo ya maneno ya kale kabisa ya lugha yetu yaliyopata kuandikwa. Ikiwa ni qaf, hoja hiyo yaanguka. Kitabu kimoja zaidi, chenye neno lile lile limeandikwa mara tatu nne, kingeweza kuukata ubishi huu. Lakini mwandishi alikuwa amekwisha kusema, wala hakuona haja ya kusema tena.

Usiwe mwepesi wa kumlaumu. Katika zama zake hapakuwa na mtambo wa kupiga chapa. Kila nakala iliandikwa kwa kalamu, na karatasi ilikuwa mali. Mtu aliyekwisha kuandika majuzuu 30 hakuweza kuyarudia yote kila mara. Tena hata njia yake ya kurejea ilikuwa ya busara kwa wakati ule. Sisi leo twasema, "Tazama ukurasa wa 12," kwa sababu nakala zote za kitabu kilichopigwa chapa huwa na kurasa zile zile. Bali katika vitabu vya mkono kila mnukuzi alikuwa na mwandiko wake, mnene au mwembamba, na ukurasa wa 12 wa huyu ungekuwa ukurasa wa 17 wa yule. Kwa hiyo mwandishi alitaja kitabu kwa jina lake, pengine na sura yake, basi. Al-Mas'udi alifanya wajibu wake barabara. Jambo asilolijua ni kwamba ufupisho wake ndio ungekiua kitabu chake kikubwa. Maana wasomaji walipoona kidogo kile chatosha, nani angekubali kulipa mnukuzi anakili majuzuu 30? Muruj kikanakiliwa mara nyingi, kikafika hata Paris, ambako kilipigwa chapa kwa Kiarabu na Kifaransa katika majuzuu tisa kati ya mwaka 1861 na 1877. Akhbar kikaliwa na mchwa, au na moto, au na uvivu.

Na hapa pana jambo ambalo mimi huliona la kusikitisha kuliko yote. Al-Mas'udi alikipenda sana Muruj, akaogopa watu wasije wakakiharibu. Kwa hiyo akatia mwanzoni na mwishoni laana nzito juu ya mtu yeyote atakayebadili maneno yake au kujifanya kwamba ni yake yeye. Aliwaogopa wezi na waharibifu, naye alikuwa na haki. Lakini hakuna laana iwezayo kumzuia mtu asisome.

Mwaka 956, katika mji wa Fustat huko Misri, karibu na kufa kwake, alimaliza kitabu cha mwisho, Kitab at-Tanbih wal-Ishraf. Neno hilo tanbih sisi twalo katika Kiswahili. Ndilo tanbihi, maana yake maelezo ya kumzindua msomaji, kama yale yaandikwayo chini ya ukurasa. Katika kitabu hicho mzee avitaja tena na tena vitabu vyake vilivyotangulia, kimoja baada ya kimoja, kwa majina. Hivyo majina twayajua vizuri sana.

Hasara ya namna hii haikutupata mara moja tu, ingawa nyingine nitazipitia kwa upesi. Kilwa ina tarikh yake ya Kiarabu, iitwayo Kitab as-Sulwa, iliyotungwa na mtu wa huko aliyezaliwa mwaka 904 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 1499. Nakala yake moja, ambayo Sultani Barghash wa Unguja alimpa balozi wa Uingereza, Sir John Kirk, mwaka 1877, imehifadhiwa London. Katika dibaji mwandishi ausema mpango wake: sura kumi. Ukihesabu waziona saba. Masimulizi yakatika yafikapo katika zama za kuja kwa Wareno, pale pale ambapo mtu wa Kilwa angetaka kutuambia Wareno walionekanaje machoni pa watu wa Kilwa. Hilo ni rejeo la mbele, si la nyuma, lakini ni la ukoo ule ule: mwandishi ametuelekeza mahali, nasi tumefika, napo ni patupu.

Pate nako ni vivyo hivyo. Habari za wafalme wa Pate zilizoandikwa mwanzoni mwa karne ya ishirini zilitoka zaidi katika kinywa cha mzee Bwana Kitini, aliyezipokea kwa wazee wake. Kulikuwako pia, yasemekana, kitabu cha asili. Nacho kilipotea mwaka 1890, Waingereza walipoupiga mji wa Witu. Nakala tulizo nazo hazipatani katika miaka wala katika majina ya wafalme, na mahali pa kwenda kuamuliwa hapana tena.

Baada ya huzuni hizo, tuje kwa mwandishi aliyekuwa na bahati njema kidogo. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi aliandika kwa Kiswahili habari za watawala wa Usambara, tangu Mbega, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Mtambo wa wamisionari wa Kiingereza kule Usambara ulikipiga chapa sehemu kwa sehemu, kati ya mwaka 1895 na 1907. Fikiri shida ya kitabu kitokacho namna hiyo. Mtu aliyenunua sehemu ya pili huenda hakupata kuiona ya kwanza; ukimwambia "Mbega niliyemtaja", atakuuliza kama yule mtoto aliyesinzia, "Mbega yupi?" Nakala zile za kwanza zilikuwa chache na zikawa adimu sana. Lau kama sehemu moja ingalipotea kabisa, wanahistoria wa Usambara wangalikuwa katika hali kama yetu mbele ya al-Mas'udi. Kwa bahati zote ziliokoka, na mwaka 1962 zikapigwa chapa tena Nairobi katika kitabu kimoja, ili "niliyemtaja" na aliyetajwa wakae chini ya jalada moja.

Shaaban Robert, ambaye bila shaka umemsoma, aliitatua shida hii kwa namna nyingine. Alikuwa amekwisha kuandika habari za maisha yake. Kisha, alipopita umri wa miaka 50, akaandika tena. Alizaliwa mwaka 1909, basi wewe mwenyewe waweza kupiga hesabu. Maandishi hayo mawili yalikuja kuunganishwa kwa jina la Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na jina hilo lenyewe ni rejeo. Neno "na" katikati yake ndilo fundo lishikalo kamba mbili. Huwezi kuishika sehemu ya pili bila kuonywa kwamba iko ya kwanza, nayo iko papo hapo mkononi mwako.

Usidhani lakini kwamba watunga vitabu peke yao ndio waliokuwa wakirejea. Waliolitumia jambo hili kila siku, na kwa akili nyingi kuliko sisi, walikuwa waandishi wa barua. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ndani yake mna barua nyingi. Barua za zamani za pwani zilikuwa na utaratibu wake: kwanza sifa za mwandikiwa na salamu, kisha "wa baada ya salamu", yaani sasa tuingie katika shauri lenyewe, kisha, ikiwa ni jibu, mwandishi alianza kwa kumjulisha mwenziwe kwamba waraka wake umewasili na kwamba yote aliyoyataja ameyafahamu. Wala hakuishia hapo. Mwandishi mwangalifu aliyataja tena mambo yenyewe: ulisema habari ya pembe, na habari ya deni la fulani, na habari ya chombo kilichochelewa, basi juu ya pembe, jawabu ni hili.

Kwa nini alijitaabisha hivyo? Kwa sababu waraka ule ulisafiri kwa jahazi au kwa msafara. Miezi ilipita. Pengine mwenziwe alikuwa amekwisha kutuma nyaraka tatu, na moja imezama baharini, na ya pili ingali Tabora. Akisema tu "uliyotaja nimefahamu", mwenziwe hatajua ni waraka upi uliofika. Akiyarudia kwa maneno machache, basi hata nyaraka zote zikipotea, hii moja yatosha kueleza shauri zima. Ndiyo sababu sisi leo twaweza kuzisoma barua hizo na kuelewa biashara yao, ijapokuwa zile zilizojibiwa hatunazo.

Zilipokuja ofisi za serikali, rejeo likabadilika. Barua ikapewa nambari, nambari ikaingizwa katika jalada, na jalada likawekwa katika kabati. Hata sasa utaona juu ya barua rasmi neno "Kumb. Na.", yaani kumbukumbu nambari fulani, na wewe umefunzwa shuleni kuandika KUH: au MINT: kabla ya kichwa cha barua yako. Huko Tanzania makarani wameipenda sana sentensi moja, "mada tajwa hapo juu yahusika". Mimi siipendi. Neno "tajwa" limesimama humo halina kichwa wala mkia, kama kuku aliyenyonyolewa. Na sentensi nzima yakuambia tu kwamba lililoandikwa juu limeandikwa juu. Lakini nambari yenyewe ya jalada si jambo baya. Ni chombo chenye nguvu maadamu kabati lipo na karani hajapoteza ufunguo. Kabati likiungua, utabaki na barua mia zenye kusema "rejea barua yako", wala hakuna hata moja isemayo neno.

Nambari iliyoachwa bila kabati lake twaijua sana sisi wakazi wa mji huu. Waulize wazee wa hapa Eldoret, nao watakuambia kwamba mji huu uliitwa Sikisti-foo. Wasemaji wa Kikalenjin wakaligeuza kwa ulimi wao likawa Sisibo, na jina hilo halijafa. Walisikika wakilitaja hata mwaka 2024, Eldoret ilipopewa cheo cha jiji. Posta ilifunguliwa hapa mwaka 1910, mahali palipojulikana kwa nambari 64 tu, na mwaka 1912 ndipo jina la Eldoret likachukua nafasi yake rasmi. Jina hilo nalo lina asili ya Kimasai, nalo lahusu mawe ya mto wetu Sosiani.

Lakini 64 ya nini? Wengi husema ni nambari ya shamba. Serikali ya kikoloni ilipoupima uwanda wa Uasin Gishu ili kuwapa walowezi, miongoni mwao Makaburu walioanza kuingia kwa wingi mwaka 1908, mashamba yalitiwa katika ramani na kupewa nambari, na posta ikasimama juu ya shamba la 64. Wengine husema sivyo, ni maili 64 kutoka mwisho wa reli. Na hao nao hugawanyika, wengine wakitaja Londiani, wengine Kibigori. Kila mmoja husema kwa hakika kabisa. Ona basi jinsi jambo lilivyo. Sikisti-foo ni rejeo, kama "tajwa hapo juu". Lilikuwa laelekeza kwenye karatasi ya mtu fulani, ramani au daftari ya masafa, na wale wa kwanza waliolitamka waliijua karatasi hiyo. Hakuna aliyetia maneno matatu ya kueleza, kwa kuwa wakati ule kila mtu alijua. Kizazi kilichofuata kikapokea nambari bila karatasi, nacho kikajitungia sababu.

Tena kuna jambo zito zaidi lililofichwa na nambari hiyo. Ramani ile ilichorwa baada ya vita. Wanandi waliwapinga Waingereza kwa miaka mingi, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka 1905. Ndipo nchi ikafunguliwa kwa wageni. Kabla ya kuwa shamba la 64, na la 63, na la 65, nchi hii ilikuwa na majina, na majina hayo yalirejea mambo: mto, mawe, ukoo, malisho, vita vya Wamasai wa Uasin Gishu. Mashimo ya kale yaitwayo ya Wasirikwa yangalipo katika nyanda hizi, nayo yalikuwako hapo mpima-ardhi alipopita na mnyororo wake. Nambari hairejei lolote katika hayo. Yarejea ramani tu, na ramani yaanza na mpima-ardhi, kana kwamba kabla yake hapakusemwa neno.

Basi urudi sasa katika insha yako. Utaandika "kama nilivyokwisha kusema", nami sikukatazi. Lugha haiwezi kwenda bila kurejea, na mwandishi arudiaye yote huchosha kuliko yule asiyerudia lolote. Nakutaka ufanye kama walivyofanya wale waandishi wa barua. Usiandike, "Kwa sababu nilizozitaja hapo juu, Wareno walishindwa Mombasa." Andika, "Kwa sababu nilizozitaja, yaani njaa, maradhi na kuchelewa kwa merikebu kutoka Goa, Wareno walipoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698." Maneno machache tu yameongezeka, ukiutoa ule mwaka na jina la ngome, na mtu akiupata ukurasa huo peke yake, umefunga sukari dukani, ataelewa.

Al-Mas'udi mwenyewe aliijua njia hii, walakini hakuifuata sikuzote. Mara nyingi, baada ya kusema kwamba habari fulani imo katika kitabu kikubwa, alijihurumia, au alimhurumia msomaji, akaongeza maneno machache ya muhtasari. Yote tuyajuayo kutoka kwake juu ya pwani yetu, mhubiri yule na ng'ombe wale na pembe zile na wale ndugu wawili wa Siraf waliozama, twayajua kwa kuwa aliyaandika tena alipokuwa amekwisha kuyaandika.